Milioni 400 kwa maua ya marehemu baba?

BARUA

Shikamoo Mjomba.

Nakuandikia kutoka Mbeya, kwenye nyumba ambayo honi ya treni ya TAZARA ndiyo saa yetu ya ukutani. Baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa fundi wa reli, mmoja wa wale vijana waliopelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi hiyo wakati huku nyumbani njia bado inachongwa milimani. Alirudi 1975 na sanduku la bati, koti zito la pamba alilolivaa kila Juni mpaka likaisha mikono, na picha moja ya maua kwenye fremu.

Picha imechorwa juu ya hariri. Upana wake ni kama sinia la chai, urefu unazidi kidogo. Ina maua makubwa matatu, mawili ya pinki na moja jeupe, yamejaa petali kama kabichi iliyofunguka, na vipepeo wawili. Kila petali imezungushiwa mstari mwembamba kama unywele. Kushoto kuna maandishi ya Kichina ya wino mweusi, mstari mmoja kutoka juu kushuka chini, na mihuri miwili myekundu. Hariri yenyewe imegeuka kahawia kama chai ya rangi, ila fremu ilipolegea pembeni tuliona ukingo uliokuwa umejificha chini ya mbao bado mweupe. Nyuma kumefungwa hadibodi kwa misumari midogo.

Tulipokaa kugawana vitu vya mzee hakuna aliyeitaja. Miaka yote ilining'inia juu ya redio, mama akiifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Kisha mtoto wa shangazi akaipiga picha kwa simu, programu ikamwambia ni kazi ya Yun Shouping, mchoraji wa China aliyezaliwa 1633 na kufa 1690. Akairusha kwenye magrupu. Siku ya tatu dalali akampigia kaka yetu mkubwa aliye Dar. Anasema ana mteja China, yuko tayari kutoa milioni 400. Kinachotakiwa ni sisi kulipia cheti cha uthamini na kibali cha kusafirisha, jumla shilingi milioni 1.8, na pesa iende kwenye namba ya simu aliyotutumia. Kaka ameshakopa milioni moja kwenye VICOBA vya wifi.

Mimi nilimwita kijana wa jirani anayesoma Kichina chuo kikuu Dodoma, alikuwa likizo. Mihuri ilimshinda, lakini maandishi aliyasoma hivi: "Mwaka wa jiayin, mwanzo wa kiangazi, nikifuata mkono wa Nantian." Tulipompelekea dalali maneno hayo akashangilia. Kasema Nantian ni jina jingine la huyo huyo Yun Shouping, na jiayin ni mwaka 1674, kwa hiyo ushahidi umekamilika na bei inaweza hata kupanda.

Halafu kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenye sanduku la bati nimekuta kijikaratasi chepesi chenye mhuri. Kijana kasema ni risiti ya Duka la Urafiki la Beijing, Oktoba 1974, picha ya hariri moja, yuan 18. Niliona aibu kuitoa, kama vile namvunjia baba heshima, kwamba kitu chake cha milioni 400 alikinunua dukani kama kandambili.

Tuko wanne. Kaka anasema mimi ndiye ninayezuia riziki ya familia. Dada wa Tanga anasema picha ni yake kwa sababu ndiye aliyemuuguza mzee. Mdogo wetu wa mwisho anataka tu mgogoro uishe. Je, picha hii ni ya kale kweli? Tulipe hiyo ada? Na ikiwa si ya kale, nani akae nayo?

Ni mimi,
Binti wa Fundi Reli, Mbeya

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba wa mzee.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie kaka yako. Hiyo milioni 1.8 isitoke. Mengine nitakueleza taratibu, lakini hilo halingoji.

Nchi hii kila mtu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii." Hii ya kwenu ni ndugu yake, ila yenyewe imevaa suti. Na usidhani imebuniwa Kariakoo. Huko China kwenyewe iko mingi: mtu ana bakuli au picha ya babu, kampuni inampigia na kumwambia ni mali ya mamilioni, kisha inaanza kumchuna ada ya uthamini, ada ya kupiga picha, ada ya kuiweka kwenye maonyesho. Mnunuzi hatokei, na ada hairudi. Polisi wa huko wamekamata makundi ya namna hiyo zaidi ya mara moja.

Kipimo ni kimoja na hakihitaji kujua Kichina. Kaka yako amwambie dalali hivi: "Sawa, ada yako na gharama zote zikatwe kwenye hizo milioni 400 mteja atakapolipa." Dalali wa kweli hula kwenye mauzo. Huyo mwingine atakuwa na sababu kumi kwa nini lazima itangulie. Na akitaja kibali cha serikali, mwulize namba ya kumbukumbu ya malipo iko wapi, maana malipo ya serikali siku hizi hayaendi kwenye simu ya mtu.

Sasa tuje kwenye picha, na hapo nakushukuru, kwa sababu barua yako ina karibu kila kitu mthamini anachokitafuta. Tena kimetoka kwa mtu anayedhani hajui kitu.

Huyo dalali si mjinga. Yun Shouping ni mtu wa kweli, wa Changzhou katika jimbo la Jiangsu, miongoni mwa wachoraji wakubwa wa maua wa enzi ya Qing, utawala wa mwisho wa kifalme China, na Nantian ni jina lake la usanii. Mwaka 1674 kweli ulikuwa jiayin, na mwenyewe alikuwa hai, mtu wa miaka arobaini na kitu. Hesabu kaifanya vizuri. Alichoruka ni neno moja: "nikifuata."

Wachoraji wa Kichina wana desturi hiyo tangu zamani. Mtu akichora kwa mtindo wa bwana fulani wa kale, anaandika pembeni kwamba anafuata mkono wake. Ni heshima, kama fundi wa taarabu anavyotangulia kusema wimbo huu nimeuchukua kwa marehemu fulani. Hadanganyi mtu. Sasa niambie, Yun Shouping angeandika kwamba anamfuata Yun Shouping? Maneno ambayo dalali ameyashangilia ndiyo yanayosema kwamba mchoraji ni mtu mwingine.

Na huo mwaka. Kalenda ya zamani ya Kichina ina orodha mbili za majina, mashina kumi na matawi kumi na mawili, zinazosogea pamoja hatua moja kila mwaka; zinapata majina 60 ya miaka, kisha zinaanza upya. Jiayin ni mwaka wa chui milia. Ulikuja 1674, ukaja 1734, 1794, 1854, 1914, na ukaja tena mwaka gani? 1974. Mchoraji ameandika mwanzo wa kiangazi, risiti inasema Oktoba mwaka huo huo, na baba yako yuko Beijing na kiposho chake cha mwanafunzi. Picha ilikuwa na miezi michache tu tangu wino ukauke. Kwa miaka mingi ya kuangalia vitu vya watu sijaona mara nyingi mambo matatu yakikaa pamoja hivi, na nilicheka peke yangu nilipofika hapo kwenye barua yako.

Lakini tuseme mtu anakataa, anasema hapana, huenda dukani waliuza kitu cha kale bila kujua. Basi hiyo risiti unayoionea aibu inamjibu. Tangu 1960 China ilikuwa na mipaka ya miaka kwa vitu vya kale vinavyotoka nje, na kwa jumla vya mwaka 1795 kurudi nyuma vilikatazwa kabisa. Maduka ya Urafiki yalikuwa ya serikali, yamewekwa kwa ajili ya wageni. Vitu vya kale ambavyo viliruhusiwa kuuzwa humo vilibandikwa muhuri mdogo wa lakiri nyekundu kuonyesha vimekaguliwa. Kazi halisi ya Yun Shouping, ambayo makumbusho ya Beijing na Taipei yanazilinda kwa kufuli, isingefungwa kwenye karatasi ya dukani na kukabidhiwa kijana wa kutoka Tanzania kwa yuan 18.

Umeniambia kila petali imezungushiwa mstari kama unywele. Hapo ulimaliza kesi bila kujua. Yun Shouping sifa yake kubwa ni maua yasiyo na mstari kabisa. Wachina huuita mtindo huo mogu, yaani usio na mifupa: rangi inawekwa moja kwa moja, na umbo la petali linatokana na rangi kuingiliana na maji. Picha yenu imetumia njia nyingine, gongbi, brashi ya ustadi, ambayo inatangulia mstari kisha rangi inajaa ndani. Kwa hiyo aliyeandika kwamba anafuata mkono wa Nantian hata hakuufuata sana. Aliandika kwa sababu inapendeza.

Programu ya simu haiwezi kuona hayo. Inachofanya ni kulinganisha sura. Maua ya peoni (ndiyo hayo makubwa ya kwenye picha yenu) kwenye hariri, maandishi pembeni, mihuri miwili: imepata jina maarufu lililo karibu ikalitoa. Ungeipa picha ya mbuzi mwenye ndevu ingekwambia ni mwenyekiti wa kijiji.

Mambo mawili matatu ya kukagua mwenyewe, kwa sababu najua kaka yako atataka kuona na si kusimuliwa. Nenda kwa fundi saa, mwazime kile kijikioo anachobana jichoni. Angalia petali ya pinki kwa karibu. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa kama kwenye gazeti, ni chapa ya mashine na maneno yote haya yanaisha. Sidhani utaviona. Utakachoona, naamini, ni nyuzi za hariri zimenywa rangi, nzito kwenye ncha ya petali kisha inafifia kuelekea ndani bila kuacha mpaka. Kufifisha huko kuna namna yake: mchoraji anashika brashi mbili mkono mmoja, moja ina rangi na nyingine ina maji tu. Anaweka rangi, anageuza vidole, anaivuta kwa maji kabla haijakauka. Tazama pia ua jeupe. Nyeupe haiingii kwenye nyuzi kama pinki, inakaa juu kama unga uliokaukia kwenye kinu. Huo ni mkono wa mtu, na mtu aliyefundishwa.

Ila mkono huo ulichora picha hiyo hiyo mara nyingi. Hariri ikishapakwa gundi na shabu inapitisha mwanga. Unaweka chini yake mchoro wa mistari na kuufuata juu, kesho unaweka hariri nyingine juu ya mchoro ule ule. Warsha za sanaa za China zilifanya kazi hivyo kwa ajili ya kuuza nje, na kuna mahali mmoja huchora majani na mwingine maua. Picha ya baba yako ina ndugu zake, pengine wako Lusaka, pengine Bucharest, juu ya redio za watu wengine.

Rangi ya kahawia isikutishe wala isikudanganye. Matapeli huchovya hariri kwenye chai ili izeeke kwa usiku mmoja, lakini chai hupaka kote sawasawa. Yenu imekolea mahali palipopigwa na mwanga na moshi wa jikoni, na chini ya mbao imebaki nyeupe. Hiyo ni miaka 50 ya sebuleni. Hariri ya miaka 350 ingekuwa na mipasuko. Wajuzi wa China tangu zamani wanasema mpasuko wa uzee wa kweli unafanana na mdomo wa samaki, nyuzi kadhaa bado zimeshikana katikati, wakati ule wa kuchanwa makusudi umenyooka kama wembe. Wewe hukutaja mpasuko wowote.

Ukitaka kumaliza kabisa, mgongo wa picha ndio unaosema zaidi kuliko uso. Mtafute fundi fremu mtaratibu, si yule wa vioo vya madirisha. Alaze picha kifudifudi juu ya taulo safi, ang'oe misumari moja moja kwa koleo, hadibodi itoke. Angalia kama kuna lebo, namba, au hiyo lakiri nyekundu. Ukiikuta lakiri niandikie tena, nitakaa chini na kufikiri upya. Kama hariri imeshikana na kioo, asimame hapo hapo, asivute. Kisha zima taa umulike karatasi ya nyuma kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Karatasi ya kisasa ina dawa ya kung'arisha iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, inawaka buluu kali. Ikiwaka, hakuna mtu atakayekwambia 1674 tena, isipokuwa yule dalali.

Niruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa ajabu kwa maua China. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kupiga vita mambo ya kale, yalikuwa hayajaisha. Februari mwaka huo Beijing waliweka maonyesho ya kile walichokiita michoro myeusi, kuwaaibisha wachoraji wa mitindo ya zamani. Mmoja, Huang Yongyu, aliandamwa kwa kuchora bundi aliyefumba jicho moja. Wakati huo huo, mji ule ule, duka la serikali linawauzia wageni peoni, ua ambalo maana yake tangu kale ni utajiri na cheo, kwa sababu nchi inahitaji fedha za kigeni. Sijui baba yako alilijua kiasi gani hilo. Ila aliyeshika brashi kwenye picha yenu alichora ua la matajiri kwa kazi ya kila siku, na pembeni akataja jina la bwana wa kale.

Na ua hilo unalijua toka utoto wako hata kabla hujaitazama hiyo picha. Angalia chupa ya chai ya mama yako, ile ya bati yenye mfuniko wa kikombe. Angalia beseni la kuogea watoto. Ni peoni hilo.

Thamani. Nitakupa namba kwa sababu ndiyo uliyoiuliza. Picha za mapambo za namna hii, hariri, maua, za viwandani za miaka ya 1970, kwenye minada ya Ulaya na Marekani huuzwa kwa makumi ya dola, zikiwa nzuri na safi mia moja au mia mbili. Kwa shilingi, weka laki moja na nusu mpaka laki tano, ukipata mnunuzi, kabla ya usafiri. Usiniamini mimi peke yangu. Christie's, Sotheby's na Bonhams wote wanapokea picha kwenye tovuti zao na kutoa makadirio bila malipo. Piga uso mzima mchana bila flashi, maandishi kwa karibu, kila mhuri, mgongo, na risiti. Waweza wasikujibu haraka, na wakijibu huenda wakasema tu kwamba hawauzi kitu cha bei hiyo. Hilo nalo ni jibu.

Yuan 18, kwa kiwango cha siku zile, zilikuwa karibu dola 9. Unasema kama kandambili. Mwanangu, mfanyakazi wa kiwanda Beijing wakati ule alikuwa anapata yuan 40, 50 kwa mwezi. Kijana wa reli, mbali na kwao, baridi inakata masikio, alitoa pesa ambayo Mchina wa kawaida angeifanyia kazi wiki mbili, akanunua maua. Hakununua redio. Siioni aibu iko wapi.

Kuhusu kaka yako, nakuomba jambo moja. Usiitoe hiyo risiti mezani kwenye kikao mbele ya wifi na wadogo. Mtu aliyekopa VICOBA kwa ajili ya familia na akaonyeshwa mbele ya wote kwamba anatapeliwa atashikilia upande wa tapeli mpaka mwisho, ili tu asionekane mjinga. Mpigie usiku, watoto wakishalala. Mwambie, "Kaka, shikamoo, nimekuta kitu cha mzee nataka wewe ukione wa kwanza." Mtumie picha ya risiti na maneno ya kijana. Kisha yeye mwenyewe ndiye ampigie dalali na lile swali la ada, yeye ndiye aje kikaoni aseme amemchunguza akaona si mtu. Atakuwa ameiokoa familia, na ile milioni irudi VICOBA kesho yake kabla riba haijaamka.

Nani akae nayo? Tanga nina wasiwasi nako, na sababu haihusu dada yako. Ni hewa ya pwani. Unyevu unaleta ukungu kwenye hariri, na ile shabu iliyopakwa mwanzo inaendelea kuila polepole. Mbeya, na baridi yenu, ni pazuri zaidi. Lakini dada aliyemuuguza mzee ana haki ya kitu, na haki yake isibishaniwe kwa hoja ya hali ya hewa. Kama alitaka kumbukumbu ya baba, mpeni kilichokaa mwilini mwa baba: hilo koti, kama bado lipo, likiwa limeisha mikono hivyo hivyo. Au sanduku. Muulize kwanza anataka nini hasa. Nimeona ndugu wakigombea kabati miaka minne, kumbe mmoja alitaka picha za harusi zilizokuwa ndani yake.

Na njia nyingine ipo. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Picha ya peoni peke yake pengine wasiijali, lakini picha na risiti yake, cheti cha shule ya reli, na picha za mzee akiwa kijana Beijing kama mnazo, hicho ni kifurushi. Reli ya Uhuru, yaani hiyo TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa 1970 hadi 1975. Wachina waliokufa kazini tunajua walipolala, pale Gongo la Mboto. Waafrika waliokwenda upande wa pili, wakajifunza kusoma ramani za madaraja kwa Kichina, vitu vyao viko kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda. Mnaweza kuandika barua kuuliza tu. Kuuliza si kutoa.

Ikibaki nyumbani, iondoe juu ya redio. Itundike ukuta usiopigwa na jua wala usiopakana na jiko. Pinki ya zamani inakimbia mwanga kuliko rangi nyingine zote. Fundi akirudisha fremu aweke ukanda mwembamba wa kadi pembeni ili kioo kisiguse hariri, na badala ya hadibodi atumie kadi nyeupe isiyo na asidi kama ataipata, la sivyo karatasi safi nene kati ya hariri na ubao. Vumbi lifutwe kwenye kioo tu. Hakuna pasi, hakuna kitambaa cha maji, hata kama mama alifanya hivyo na haikuharibika.

Mwombe yule kijana wa Dodoma aandike upya maandishi yote kwa herufi za Kichina, matamshi na maana, kwenye karatasi moja. Wewe ongeza chini yake jina la baba, miaka aliyokaa Beijing, na picha ilipokuwa imetundikwa. Mihuri iliyomshinda asihangaike nayo, mwandiko wa mihuri ni wa kale na hata Wachina wengi hawausomi. Mwalimu wake atausoma akionyeshwa picha nzuri. Karatasi hiyo na risiti viingie kwenye bahasha, bahasha ikae pamoja na picha popote itakapokwenda.

Na tafadhali, risiti usiipeleke kufanyiwa laminesheni. Najua stesheneri iko hapo nje na ni shilingi mia tano tu. Usiipeleke.